Kiatu cha Namba Tisa

Jumatatu asubuhi Newala imevaa ukungu,
hata mnara wa simu umekatwa kiuno,
nao wameshafika kibarazani kwangu,
nyusi za njano kwa salfa ya mikorosho.
Mashine za kupulizia wameziegemeza ukutani,
wanamfukuza kocha kazi kabla ya chai.

"Kitangari wametufunga kwa mguu wa nani? Wa beki!
Beki amepanda mpaka golini kwetu
kama mtu anayekwenda kudai hela yake."
Huyo ni Nandonde, winga wa zamani,
mbio zimekwisha, goti bado linasimulia.
Anachota misumari yangu, anaipanga juu ya ngozi:
wanne nyuma, watano kati, mmoja mbele amelala.
"Mfumo gani huu? Tunalinda nini?
Tunalinda sifuri?"

Mtipa anang'oa msumari wa kati, anaupeleka mbele.
Somoe wa vitumbua, beseni lingali kichwani,
anaurudisha ulipotoka:
"Mkimtoa huyo mnakula tano.
Kiungo ndiyo bawaba. Mlango hausimami kwa kitasa."
Wanamzomea. Wananunua vitumbua.
Wanamzomea tena, midomo imejaa.

Lakini misumari ikishatawanyika
wanarudi pale pale, kama ulimi kwenye jino bovu:
Likwata.
Namba tisa, mabao kumi na moja tangu Mei,
kakalishwa benchi dakika tisini
na kandambili miguuni.
"Kandambili! Kamdhalilisha mtoto wa watu."
"Hapo kuna mkono wa mtu."
"Mke wa kocha kwao wapi? Kitangari. Haya, jumlisheni."
Wanajumlisha. Kila mmoja anapata jibu lake.

Mimi nashona.
Sindano nyingine nimeibana kwa meno
nipate sababu ya kunyamaza,
maana chini ya kigoda changu, ndani ya gunia,
kimo kiatu cha kulia cha Likwata,
soli imeachama kama kambare aliyetolewa majini.

Kocha alikileta mwenyewe Alhamisi, kakificha kotini.
"Kijana hana kingine. Jumapili saa nane nakipitia.
Na watu wasijue, watamtungia jina."
Nikamwambia, kazi ndogo hiyo, mwalimu.

Ijumaa wakaja hawa hawa na ubishi wao.
Nikaweka sindano chini.
Nikasema Likwata asimame peke yake mbele, wengine wamlishe,
nikamaliza misumari yote ya kopo kuthibitisha.
Jumamosi nikapaka gundi; ukungu ukakataa kuikausha.
Jumapili saa nane kocha akakivuta,
soli ikabaki mkononi mwake.
Akaitazama. Akanitazama.
Akaenda zake kupanga timu.

"Fundi, mbona kimya leo?
Ijumaa si wewe uliyetufundisha mpira?"
Wamenigeukia wote, na salfa yao, na njaa yao ya neno.
Natoa sindano mdomoni.
Nataka kusema. Mungu ananiona, nataka.
"Kocha," nasema, "hajui kupanga timu."
Wananipigia makofi. Mtipa ananikatia nusu ya kitumbua,
nacho kinanikwama hapa.

Ndipo ukungu unamtoa kocha, kidogo kidogo,
kwanza filimbi ya shingoni, kisha kofia, kisha uso.
Somoe anahesabu chenji ambayo ameshaihesabu.
Kocha anasalimia kila mtu kwa jina lake,
mpaka Nandonde anajikaza: "Mwalimu, Likwata ilikuwaje?"
"Nilikosea," anasema. "Mfumo."

Anaweka elfu mbili juu ya ngozi,
katikati ya misumari, pale pale golini kwetu.
"Fundi, Jumapili tuna Mahuta."
Basi. Hakuongeza kitu.

Alipomezwa tena na ukungu Mtipa akatema pembeni:
"Mmesikia? Kakiri mwenyewe!"
Wakaanza upya, wanne nyuma, watano kati.
Nikavuta gunia.
Nikatoboa tundu la kwanza.