Mkamwana wa Kushoto

Zamani kwetu, chini ya mlima Rungwe,
mkamwana akisikia kikohozi cha baba mkwe
aliiacha njia, akazama migombani,
maji ya ndoo yakimwagika yamwagike,
akangoja hadi nyayo zipite.
Bibi alinisimulia huku akinionyesha goti,
kovu la jiwe alilojikwaa akikimbia.
Nilicheka.

Sasa mkamwana anaishi begani mwangu.

Sista Sekela, kule Mbeya, alifungua bandeji taratibu.
"Mama, pamoja na titi
tumetoa na tezi za kwapani. Kumi na nne."
Alitaja kumi na nne
kama anayehesabu mayai ya kuku atamiaye.
"Maji ya mkono yalipita humo. Sasa njia ni chache.
Usiukate, usiuunguze, usiutwishe.
Ukivimba, ukiwaka moto,
usisubiri ibada iishe. Njoo."

Niliyaandika yote nyuma ya kadi
kwa mkono wa kulia,
ambao hakuna aliyeuuliza kama utaweza kazi za wawili.

Kiwira, ndizi zilikuwa zinanisubiri.
Miaka thelathini kisu kulia, ndizi kushoto,
utomvu umenichora vidole
hata sabuni ya mche imekata tamaa.
Leo namenya na glovu ya mpira, ya njano.
Jirani ananiuliza, umeanza kuosha maiti?
Namwambia, namficha mkamwana.

Maana kisu ni baba mkwe.
Mwiba wa mlimao ni baba mkwe,
na mvuke wa sufuria, na siafu wa masika,
na jua la saa saba kwenye shamba la viazi.
Akikohoa mmoja wao, mkono unaingia migombani.
Bangili ya shaba, ya marehemu mama,
niliivua kwa povu na machozi kidogo.
Imeacha duara jeupe
ambalo halikuwahi kuona Tukuyu.

Zahanati walileta kijana mpya, Lusajo,
mpole, kucha safi.
Akaushika wa kushoto, akaanza kuuzungushia kitambaa cha presha.
Mimi, niliyesema haya kwa kila mtu,
haya kwa zamu ya kufagia kanisa,
haya kwa gunia la shemeji,
haya kwa mtoto wa jirani mgongoni hadi giza,
nikasema: Hapana.
Foleni nzima ikageuka.
Huu haushikwi. Chukua ule.
Akachukua ule.
Presha ilikuwa juu. Ningeshangaa isingekuwa.

Lakini sitajisifu.
Siku ile mvua ilikuja bila kubisha,
mahindi yako uani, mtu hayupo,
nikanyanyua debe kwa mikono yote miwili
kama mwanamke wa mwaka juzi.
Usiku mkono ukawa kuni mbichi,
pete ikanibana kidole, ngozi ikang'aa.
Niliulaza juu ya mito miwili
nikauomba radhi kwa Kinyakyusa,
maana Kiswahili kilionekana cha ofisini.
Kulipokucha, Mbeya. Basi la kwanza.

Ulishuka. Wiki tatu, lakini ulishuka.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni
Anangisye anazima redio,
anavuta futi yake ya ushonaji kutoka shingoni,
ananipima kifundo, kisha juu ya kiwiko,
bila kubana, kama apimavyo bibi harusi.
Titi halisemi kitu, wala halitazami sana.
Anaandika kwenye daftari la wateja:
suruali ya shule, mtoto wa Mwakyoma, kiuno ishirini na mbili;
gauni la kipaimara, mikono mirefu;
halafu mimi, bila jina,
"kushoto, ishirini na saba."

Anafungua ukurasa wa Jumamosi iliyopita,
kidole kinashuka taratibu,
nami nimeushikilia hewani mkono wangu,
nangoja.

"Ni ileile," anasema,
anatafuta chaki yake,
anaendelea kukata kitambaa.