Kushoto Tu

Jumapili ya mwisho ya Mei, saa mbili kasoro robo usiku,
Kariobangi Light Industries imenyamazisha nyundo zake.
Tumebaki sisi, harufu ya rangi, na runinga ya Wairegi
yenye ufa uliokata kioo kutoka pembe hadi pembe.

Mwaka wa kwanza tulikuwa watatu:
mimi, Wairegi, na Okumbe aliyekuja kuchaji simu.
Okumbe akayatazama magari ya Marekani
yakikata kushoto, kushoto, tena kushoto,
akauliza, "Hawa wanatafuta pa kuegesha?"
Akaapa simu ikijaa anakwenda zake.
Simu ilijaa saa tatu.
Yeye aliondoka saa sita.

Nadhani najua kilichomshika.
Si mbio. Mbio hata bodaboda anazo.
Ni yale magurudumu, yako nje,
hayana madigadi, hayana pa kujisitiri.
Mimi kazi yangu ni kuficha:
nanyoosha bati, najaza puti, napiga msasa,
napaka rangi juu ya ajali ya mtu
hadi mnunuzi asishuku kitu.
Miaka kumi na tisa naficha.
Na pale, tairi likigusa tairi la mwenzake
gari linapaa mbele ya macho ya watu wote
na hakuna fundi wa kusema halijagongwa.

Wairegi husimulia huku akila njugu.
Ati zamani zilikuwa njia za farasi
kwenye maonyesho ya kilimo, kama ya Jamhuri,
vumbi mpaka kwenye meno.
Aliyeleta mahindi na aliyeleta fahali
walikaa ubavu kwa ubavu juu ya uzio
kumtazama kijana wa jirani
na injini aliyoiunga mwenyewe ghalani.
"Jua kali," akasema Okumbe.
"Jua kali kabisa," akasema Wairegi, na kutema ganda.

Mwaka wa pili tukawa wanane.
Wa tatu, Mama Kasyoka akaleta mabenchi,
akaleta chai, akaleta shemeji zake.
Mwaka huu Okumbe kahesabu vichwa, kahesabu tena,
akalipiga bati la mlango kwa kofi:
"Thelathini na watatu! Sawa na magari!"
Wala hakuwa na simu ya kuchaji.

Raundi ya mia moja tisini na moja kati ya mia mbili,
magari manne yamefuatana kama shanga,
stima ikapotea.

Mtaa mzima giza, hadi Dandora.
Nilingoja watu wainuke.
Hakuinuka mtu.
Kisha, kutoka benchi la nyuma, sauti ya injini:
Okumbe, kwa mdomo wake mwenyewe,
akibadilisha gia, akipumua kati ya kona.
Akayachukua magari pale yalipoachwa.
Akamtoa wa tatu kwa nje, karibu na ukuta,
tukashika vichwa.
Akamnyima wa pili mafuta, tukamlaani.
Raundi ya mwisho akaipunguza mwendo makusudi, mshenzi yule,
hadi mtoto wa Mama Kasyoka akalia, "Maliza!"

Akamaliza. Nani alishinda? Jina alilitunga,
refu, la Kijaluo na Kizungu.
Tulishangilia hadi mlinzi akaja na tochi.

Kule mshindi hunywa maziwa.
Mashine ya maziwa ya Mama Kasyoka haitoi tone bila stima,
kwa hiyo akafungua jerikeni kwa meno,
akajaza kikombe, akampa Okumbe.
Akanywa nusu. Nusu akajimwagia kichwani.
"Hiyo ni shilingi arobaini," Mama Kasyoka akasema gizani.

Stima ilirudi saa nane, tumeshalala.
Matokeo ya kweli sijayatafuta mpaka leo.

Asubuhi mteja akalizunguka Probox la bluu,
akainama, akapapasa mlango wa kushoto.
"Fundi, hapa paligongwa?"
Mkono wangu ulikuwa tayari na kitambaa cha kung'arisha.
Nikamwambia ndiyo.