Ukucha

Adhana ya alfajiri haijatulia masikioni
na mimi nimeshachutama ubavuni mwa gari la Zeyana,
ndoo ya sabuni, fulana kuukuu iliyokatwa vipande,
dawa ya meno niliyoiiba chooni mwangu mwenyewe.

Mabela saa hizi ina nafuu. Ikifika saa mbili
bati la mlango litakaanga mayai,
na bati la moto halisuguliwi, alinionya Unni wa Sanaiya:
dawa hukaukia hapo hapo ikawa chokaa.
Yeye alitaka rial kumi na tano.
Nikamwambia nitarudi.
Akacheka, kama mtu anayewajua waume.

Jana magharibi nguzo ya geti,
nguzo niliyoipima mimi, nikaijenga mimi,
iliondoka mahali pake ikaja kunikwaruza.
Hivyo ndivyo nilivyopanga kumwambia.
Miye niliyemfundisha: kata usukani mapema, Zeyana,
tazama kioo, breki si zulia hiyo.
Na gari lenyewe kalinunua yeye, kwa mshahara wa benki,
miezi arubaini na minane ya kukatwa,
akachagua rangi ya zambarau iliyoiva,
rangi isiyojua kuficha siri.

Kwanza unaosha. Chembe moja ya mchanga
ikibaki chini ya kitambaa
hufuti tena, unachora.
Khalafu ukucha. Unaupitisha juu ya mkato
polepole, kama msomaji asiyeona.
Ukinasa, jeraha limezama kwenye rangi,
panda gari, nenda Sanaiya, toa pesa.
Ukiteleza, ni vanishi tu imechubuka.

Uliteleza.
Nikasema alhamdulillahi kwa sauti,
paka wa jirani akaruka ukuta.

Dawa kiasi cha punje ya mbaazi.
Duara ndogondogo, mkono mwepesi.
Mkono ukiwa na kazi ya kijinga, kichwa hutembea:
changu kikaenda harusini kwa akina Ghanima,
nilipowaambia mashemeji,
"Zeyana akiegesha, mtaa mzima huomba dua."
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Naye alicheka, kidogo,
kisha akaitazama sana halua sahanini mwake.
Hapo sikupitisha ukucha.

Mkwaruzo ukaondoka, wallahi, kama haukuwahi kuzaliwa.
Tatizo ni mahali ulipokuwa:
paling'aa nikaziona mvi za ndevu zangu,
na pembezoni, miaka miwili ya jua na vumbi
imekaa kimya, imefifia.
Kiraka cha mwanga, kinanichongea.
Basi nikasugua mlango mzima.
Mlango ukauumbua mlango wa nyuma.
Dawa ya meno ikaisha, nikafungua ile ya watoto,
yenye harufu ya stroberi,
na jua likachomoza juu ya matangi ya maji
likinitazama kama afisa wa forodha.

Akatoka na chupa ya chai, kanga begani.
Hakuuliza kitu. Aliinama,
akapitisha ukucha wake wenye hina pale pale,
penyewe hasa, kana kwamba nilimwekea alama.
"Nguzo ilitembea?"
"Ilitembea kidogo."
"Mwezi wa Rajabu ilitembea pia," akasema,
akanishika mkono mpaka nyuma, karibu na taa,
akanionyesha kiraka kama kiganja cha mtoto
kinachong'aa kuliko ndugu zake.
Miezi mitano napita hapo kila siku,
miye bingwa wa tazama kioo.

"Ulitumia nini?"
"Dawa yako ya meno. Ulidhani inaliwa na panya?"

Tukabaki na boneti. Akachukua fulana moja, miye nyingine,
chai ikipoa juu ya ngazi.
Nikaanza: "Zeyana, siku ile ya harusi, yale maneno..."
Hakuinua uso.
"Mkono mwepesi," akasema.
"Ukikandamiza, utatoboa."