Daftari la Danadana

Mimi ndiye niliyeshika daftari,
msimuulize mtu mwingine hesabu.
Kurasa arobaini na nane, jalada la buluu,
kalamu imefungwa kwa uzi wa shangazi wa kushonea mikeka.

Mwanahija alisema: naanzia Barabara ya Kwanza
mpaka ya Ishirini na Moja, Ngamiani nzima,
na mpira hautagusa chini.
Ukigusa, narudi mwanzo.
Kila barabara nitakayovuka, mwenye moyo aandikishe chake.
Fedha ni za viatu, vile vyenye chuma katikati,
vya watoto wa mguu kifundo wanaoletwa kliniki Jumanne,
nyayo zimegeukiana kama majirani wanaonong'ona.

Shangazi akasema: haya,
ila ukirudi na kidonda usiniite.
Kisha akakaa akaishona ile raba ya kushoto
kwa mara ya tatu.

Jumamosi, saa moja asubuhi.
Mguu, goti, mguu, paji la uso.
Barabara ya Pili, muuza mihogo: mia tano.
Ya Nne, fundi baiskeli: elfu mbili,
na kengele kalilia kila baiskeli iliyokuwa kibandani.
Ya Sita, mama mmoja kapekua pindo la kanga,
hamna kitu. Akasema, andika kuku.
Kuku?
Andika kuku, mtetea.
Nikaandika kuku.

Ya Tisa, Bwana Shekuwe wa duka la vipuri:
"Akifika bila kuangusha, laki moja.
Akiangusha, hata senti."
Laki moja! Niliikandamiza kalamu
mpaka zile sifuri zikatokea ukurasa wa pili.

Kufika ya Kumi na Sita tulikuwa elfu tatu mia moja kumi na sita,
watoto nyuma yetu kama siafu,
bajaji ikarudi kinyumenyume bila honi,
Mwanahija akapinda bega,
mpira ukapotelea nyuma ya mkokoteni wa madafu.
Upande ule nilikuwa mimi peke yangu.

Uligusa.
Kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi kwa ncha ya ulimi.
Vumbi likanyanyuka la ukubwa wa sarafu.
Akauzoa kwa kisigino, ukapaa, mtaa ukalipuka,
na kinywa changu, si mimi, kinywa changu,
kikasema: mia moja kumi na saba.

Akaudaka kwa mikono.
"Umegusa, Kibwana."
"Haujagusa."
"Nimesikia kwa mguu."
Kimya. Hata mwenye madafu kaacha panga hewani.
"Wewe ndiye daftari," akasema.
"Ukidanganya wewe, mimi nacheza nini?"

Nikaifuta laki moja kwa mstari mmoja.
Bwana Shekuwe alikuwepo, juu ya pikipiki yake.
Hakusema neno.
Akanunua soda, akainywa mwenyewe.

Tukarudi Barabara ya Kwanza.
Siafu wote walikwenda kula.
Jua la utosi, lami inanata kwenye kandambili zangu,
mguu, goti, mguu,
sauti yangu imekauka nahesabu kwa vidole,
soksi yake imeanza kuwa nyekundu kwenye mshono.
Alasiri inaadhiniwa, tukavuka ya Ishirini na Moja:
mimi, yeye, na fundi baiskeli aliyefunga kibanda akatufuata
akiikokota baiskeli ya mtu.
Elfu nne mia tisa na mbili.
Akaketi ukingoni mwa mtaro, akalia kidogo,
akaomba maji.

Shilingi laki moja na themanini na sita, na mia tano.
Jozi tatu, na nusu ya jozi ya nne.
Nusu jozi haivaliki, hilo nalijua,
msinifundishe.

Ukurasa wa pili ile laki ingalipo, bila wino.
Ukipitisha kidole unaisikia.
Na kuku, shangazi amegoma kumuuza.
Tangu Jumatatu anataga,
nami kila asubuhi nachungulia kapuni,
naandika.