Suruali ya Mkata Miti

Umeniletea suruali, Magesa,
unataka kiraka paja la kushoto.
Mpasuo wenyewe mfupi, hauzidi kidole,
lakini nyuzi zimechanika kama zimetafunwa,
na sabuni yote uliyofulia
haikuitoa ile rangi ya kutu pembeni.
Sikukuuliza.
Cherehani ndiyo iliyouliza,
iligoma palepale.

Ukajieleza mwenyewe, bega mlangoni:
ulikuwa Igombe, kwenye mkaratusi wa mzee Ng'humbi,
saa kumi na moja jioni, mikono imekufa ganzi,
mafuta yamebaki kikombe,
ukasema, nimalizie hili tawi moja.
Ncha ya chenso ikagusa tawi jingine, usiloliona,
ikakurukia usoni. Ukakwepa.
Ulipoishusha, mnyororo ulikuwa bado unazunguka,
ukalipata paja.
"Bahati tu, mama Kabula," ukacheka.

Bahati!
Neno hilo hapa Mlango Mmoja
tunaliuza kwa mafungu, na halina saizi.

Basi nimeifumua suruali yako kwa ndani,
nikapanga nyavu kuukuu za dagaa kutoka Kirumba,
tabaka nane, kuanzia kinenani hadi kwenye kifundo.
Nimezifua mara tatu, bado zinanuka.
Paka wa Mabatini watakusindikiza kazini.

Ulinieleza kwamba zile za dukani zina nyuzi ndefu,
mnyororo ukizigusa zinachomoka, zinauvaa,
zinausonga koo, unasimama
kabla haujaonja nyama.
Hizi zangu sijui.
Usizijaribu ili tujue.
Hizi ni za kukukumbusha. Za kukukinga utanunua,
na nimeshakuanzishia: buku mbili
ndani ya kopo la vifungo.

Naijua mashine isiyo na macho.
Sindano ilishapita kidole hiki, tazama ukucha ulivyopinda,
nilikuwa nashona gauni la kipaimara
huku namsimulia mteja habari za harusi.
Sindano haikungoja mwisho wa hadithi.
Na hiyo ni sindano moja, Magesa.
Wewe umeshika meno sabini yanayofukuzana.

Kwa hiyo usiwashe chenso ikiwa inaning'inia mkononi;
ilaze chini, ikanyage, breki ikiwa imefungwa, ndipo uvute kamba.
Usiinyanyue kupita bega lako, hata mwenye mti akikuhimiza.
Kandambili waachie waogaji wa Kamanga.
Mwambie Bwire akae mbali, urefu wa mti mara mbili,
hata akiona umbea mzuri wa kukuletea.
Na kabla hujakata, tafuta kwanza utakapokimbilia,
maana mti wa Mwanza haukusimama kwenye udongo,
umekumbatia jiwe,
umelimeza jiwe tumboni kama mimba,
nawe hujui meno yako yatagonga nini.

Ukichoka, choka.
Mkaratusi hauna miguu, kesho utaukuta.

Ijumaa uliichukua, ukaivaa hapohapo nyuma ya pazia,
ukatoka unatembea kama mtu aliyebeba maji,
watoto wa mama Nyanzobe wakakuita astronoti.
Ukacheka tena. Lakini hukuivua.

Leo uko mlimani, juu ya nyumba za mabati,
kwenye ule mti ulioegemea paa la fundi redio.
Nausikia kutoka hapa, unanguruma, unapanda, unashuka,
kisha

unanyamaza.

Mguu wangu unasimama juu ya kanyagio.
Anajaza mafuta, nasema.
Ananoa mnyororo.
Anakunywa maji, Bwire amemletea maji.
Mteja ananiuliza bei ya zipu, simjibu.
Nahesabu. Nafika thelathini na nane.

Unanguruma.

"Mia tano," namwambia,
nami nakanyaga.