Mengineyo

Dodoso lina maswali arubaini na mawili.
Nimeyahifadhi kama mtoto wa chuo
anayesoma juzuu nzima asijue amesoma nini.
Saa kumi na moja alfajiri, Mwembe Tayari,
nawahi kabla wenye maduka hawajaja
kumwaga ndoo ya kwanza barazani,
maji wanayosema ni ya kuondoa vumbi.

Fomu haina pahala pa jina.
Mshiriki wa kumi na saba, ndivyo ilivyoandikwa.
Nikamwambia nitamwita Bi Mwanakombo.
Akacheka: "Niite. Bora hilo kuliko namba."

Swali la tatu. Aina ya makazi:
umepanga, unamiliki, unaishi kwa jamaa, mengineyo.
"Tia namiliki," akasema.
Nikamtazama, nikalitazama boksi la friji alilolalia.
"Nyumba ilikuwa yangu, Majengo, vyumba sita,
nimeikandika kwa mikono hii.
Ardhi ndiyo haikuwa yangu.
Kila mwezi nikilipa kodi ya chini,
kodi ya pale nyumba ilipokanyaga.
Mwenye kiwanja akafa, wanawe wakauza.
Tukaambiwa tuondoe nyumba. Haya, mwanangu,
nyumba huiondoaje? Waibeba mgongoni ja kobe?"

Nikatia alama kwenye mengineyo.
Nafasi ya maelezo ni mstari mmoja,
urefu wa kidole changu cha shahada.

Swali la ishirini. Katika wiki mbili zilizopita,
ni siku ngapi umejiona huna thamani:
hakuna, chache, zaidi ya nusu, karibu kila siku?
"Mchana sijioni kabisa.
Nakata vitunguu kwa Nyevu wa viazi karai,
mato yanitoka matozi, na hapana aulizaye.
Ni wanapokuja kanjo.
Wakitupa virago vyangu kwenye lori
huniita mama. Mama, panda. Mama, upesi.
Hapo ndipo. Andika hapo."

Hapakuwa na hapo.

Nikamuuliza kama aliwahi kuambiwa ana sonona.
"Sonona ndiyo nani?"
Nikaeleza, kwa maneno ya mafunzo ya siku mbili.
"Aa. Sisi twasema roho imekaa upande.
Yangu imekaa upande tangu tingatinga lile."

La thelathini na tano: taja watu watatu
unaoweza kuwategemea ukiwa na shida.
Sikutaraji. Wengi huliruka.
"Nyevu huniwekea nguo kwenye debe la unga,
zikinuka bizari, lakini kavu.
Shekue, hamali wa Marikiti,
hulala upande wa barabara ili walevi wamkanyage yeye.
Na yule pale nguzoni, anayehutubia magari.
Mchana atuchosha. Lakini usiku akinyamaza
sote huamka, twenda tazama kama yu hai."

Mia mbili za nauli alizipokea,
akanunua viazi vya sote wawili.

Miezi mitatu baadaye nikarudi na fomu mpya.
Barazani wamepanda vyuma vyenye ncha
na ua la plastiki katika chungu cha saruji.
Nguzo ilikuwa kimya.
Nilimuuliza mlinzi; akaniuliza nauza nini.

Katika ukumbi wa hoteli, Nyali, projekta ikaandika ukutani:
waliopotea katika ufuatiliaji, kumi na tisa.
Watu wakanakili. Mmoja akapiga picha.
Mtu wa takwimu akaniita kando
akataka kujua doa la mafuta kwenye ya kumi na saba ni la nini,
kwani limefunika jibu la swali la mwisho.
Nikasema ni viazi.
Akatia tisini na tisa, maana yake hakuna jibu.

Usiku ule nikafika kwetu, Kisauni,
mamangu yuafagia uani.
Sikuvua viatu.
Nikamuuliza risiti za kodi ya chini huziweka wapi.
Akaniangalia kama niliyetukana,
kisha akaenda chumbani akaleta kopo la biskuti,
na ndani yake karatasi saba,
ya mwisho ya mwaka juzi, mwenye kiwanja angali hai.