Nukta Uiweke Mwenyewe

Mgodi ulipofungwa Kilembe
wengine walitoka na buti, wengine na helmeti.
Baba, Masereka mpimaji, alitoka na rula
ndani ya ala ya ngozi, kiunoni, kama kisu cha mchinjaji.

Si rula ya kupigia mistari.
Hii ilikuwa na ulimi wa kuteleza kati ya mbao mbili
na kioo chenye unywele mmoja
uliosimama wima hata mkono wa baba ulipotetemeka.

Siku ya soko, Kasese:
kahawa, kilo kumi na saba na nusu.
Ulimi nje, kioo kando, jicho la kushoto limefumbwa,
naye mnunuzi bado anatafuta kalamu.
Maharage. Mafuta ya taa kwa chupa. Mabati ya jiko.
Hata karo yangu aliipitisha humo
tukajua kila juma linadai mikungu mingapi ya matoke.

Ila kujumlisha haikujua.
Mbili na tatu ziliishinda.
Hapo mama, Kabugho, alimwaga punje za maharage mezani,
akajumlisha, akatoa, akacheka:
"Mwanamume wangu anazidisha tu;
kinachobaki nakijua mimi."

Kisha mwaka ule shilingi ikanyolewa sifuri mbili.
Soko zima likachanganyikiwa. Muuza chumvi wa Katwe
alizikalia noti zake kama kuku anayeatamia mayai viza.
Baba akanivuta karibu na kibatari.
"Tazama, Ithungu. Moja, saba, tano.
Ni shilingi moja na kitu? Ni elfu kumi na saba na mia tano?
Rula haisemi. Sifuri haizioni.
Nukta uiweke mwenyewe,
ujue kwanza gunia linaulemea vipi mgongo."

Leo nina kibanda cha kutuma pesa kwa simu.
Juzi kidole kiliteleza, sifuri moja ikazidi.
Simu ikanishukuru.

Rula ninayo bado. Mto Nyamwamba ulipoingia sebuleni
mbao zilivimba, zikakauka zimeubana ulimi
pale pale baba alipouacha mara ya mwisho.
Unywele umesimama juu ya mbili, nne,
na sita ya kukisia.
Labda ni bei. Labda hatua za kutoka kitandani hadi mlangoni,
au siku.
Nimeiweka nukta hapa, nikaitoa,
nikaiweka pale.